Viatu vya Vibao Thelathini

Ukiishi Bangwe, kando ya ziwa, jua halianzi kwako. Linachomoza nyuma ya vilima, mgongoni mwa nyumba, na mwanga wake wa kwanza unaruka juu ya paa lako, unaruka juu ya mitumbwi, unavuka ziwa lote kwenda kuigusa milima ya Kongo. Kule ng'ambo kunakuwa asubuhi, na wewe bado uko kivulini. Kisha mwanga unarudi juu ya maji, polepole, kama mtu aliyekumbuka njiani kwamba hakusalimia nyumba ya karibu, hadi unafika mlangoni mwako na kuingia bila hodi.

Ulipoingia kwa Honorata, ulikuta vitu viwili vya miguu. Dirishani, cherehani yake ya kukanyaga, pedeli yake ya chuma imelika katikati kwa kazi. Ukutani, benchi refu, na chini ya benchi vibao thelathini vya mvule, vyembamba, vimelala sambamba kama mbavu za boti, kila kimoja na springi yake. Thobias, fundi wa maboti wa Kibirizi, ndiye aliyevichonga kwa vipimo alivyoletewa kwenye karatasi. Vilikuwa vibao vya mazoezi, mfano wa vile ambavyo mpiga kinanda cha kanisani hukanyaga kwa miguu, na havikuwa na sauti. Kinanda chenyewe, kile cha mabomba, kilikuwa kanisani, mjini, juu kwenye roshani, na sauti zote zilikaa huko.

Nyumbani kulikuwa na kugonga tu. To. To-to. To.

Mwenye kugonga alikuwa mumewe, Telesphory, mstaafu wa reli, mtu wa maneno machache. Kila asubuhi, mwanga ukishafika, aliketi kwenye benchi, akafumba macho, akateremsha miguu mitupu juu ya mbao. Padri aliyemfundisha ujanani alikuwa na viatu vyake maalumu vya kupigia, vyeusi, vya soli laini. Mwanafunzi hakuwa navyo. Alipiga peku, na peku akazoea.

"Nyayo ndizo macho yangu," alimwambia mkewe mwaka wa kwanza wa ndoa. "Mpiga kinanda hatazami chini."

Miaka thelathini na mmoja. Mke akikanyaga chuma, mume akikanyaga mti, migongo imeelekeana. Pedeli ikivuma, vibao vikigonga. Mashati ya shule yakishonwa, nyimbo za Jumapili zikipikwa kimyakimya bila kusikika. Na katika miaka yote hiyo Honorata hakuwahi kugeuka akaitazama ile miguu.

Aligeuka siku ya damu.

Alikuwa akifagia. Juu ya kibao cha tano kutoka kushoto aliona kitu chekundu, chembamba, akadhani ni uzi ulioanguka kutoka kwenye kazi yake. Akainama auokote. Uzi ukamlowesha kidole. Kibao cha saba nacho kilikuwa na wake, na cha nane, na cha kumi na mbili, alama nyuma ya alama, kulia na kushoto, wimbo mzima umeandikwa kwa damu juu ya mvule. Skrubu moja ilikuwa imeinuka kichwa pale mti ulipokauka.

Mumewe alikuwa uani, anakunywa chai, miguu ameikunja.

"Baba Esther, umejikata."

"Wapi?"

Neno hilo moja ndilo lililomtisha. Si damu. Damu ameiona maisha yake yote, ya sindano, ya kuzaa. Ni lile "wapi" la mtu anayeulizia mwili wake kama anaulizia mtaa asioujua.

Walikwenda zahanati siku ileile. Nesi Winfrida aliwajua. Kisukari cha Telesphory kilikuwa na miaka kumi na mmoja kwenye kadi yake. Alisafisha jeraha chini ya kidole gumba, akalifunga, kisha akatoa kwenye droo kijiti chenye uzi mfupi wa plastiki mbele yake, mgumu kidogo, mwembamba kama mshipi wa kuvulia.

"Fumba macho, baba. Kila nikikugusa, sema ndiyo."

Honorata alisimama karibu. Uzi ni kitu anachokijua. Anajua uzi unaovutika na uzi unaokatika, anajua uzi unavyosema ukipita kwenye kitambaa kizito. Akauona uzi ule ukigusa unyayo wa mumewe, ukipinda kama upinde, ukisubiri. Mumewe hakusema kitu. Ukasogea kisiginoni, ukapinda. Kimya. Ukasogea chini ya vidole, ukapinda. Kimya.

"Ndiyo," Telesphory akasema.

Nesi alikuwa hajamgusa.

"Imekufa ganzi, mama," Winfrida alisema, na alisema kwa upole, akimtazama Honorata kwa kuwa ndiye aliyekuwa na macho wazi. "Kuanzia leo asikanyage peku, hata chumbani. Viatu vilivyofunika vidole, visivyombana, soli nene. Na kila siku mtu amkague nyayo, maana zenyewe hazitamwambia kitu tena. Kidonda kidogo hivi, kikiachwa, ndicho kinachokuja kula mguu."

"Na kinanda?" Telesphory aliuliza, macho bado ameyafumba.

"Kwanza kidonda kifunge, baba."

Kilifunga kwa wiki saba. Wiki saba vibao vilinyamaza, na Honorata akagundua kuwa cherehani ikiwa peke yake nyumbani inatisha.

Jioni alimwosha. Alipima maji kwa kiwiko, kwa kuwa mume hangeweza kujua moto wala baridi. Aliiweka miguu ile mapajani mwake, juu ya taulo, mmoja baada ya mwingine, akashika tochi ya simu, akatazama.

Akatazama, na akashangaa. Ukingo wa nje wa kila unyayo ulikuwa na sugu ndefu, nyororo kama jiwe la ufukweni lililogeuzwageuzwa na mawimbi. Kidole gumba kilikuwa kimelala kuelekea ndani, kimejifunza kuinama na kuuliza. Visigino vilikuwa vidogo. Ilikuwa miguu myembamba ya mtu aliyesafiri sana, na safari yote ilikuwa ndani ya nyumba hii, hatua kwa hatua, hapa kwenye mita moja ya mbao, nyuma ya mgongo wake. Alilala na mtu huyu miaka thelathini na mmoja na hakujua kwamba ana miguu kama hii. Aliikausha katikati ya vidole, polepole, kama anavyokausha vyombo vya wageni.

"Mbona umenyamaza?" mumewe aliuliza. "Kuna kibaya?"

"Hakuna kibaya," Honorata alisema.

Kidonda kilipofunga, walianza kutafuta kiatu.

Moka zake za kanisani zilikuwa pana. Kila alipotaka kibao kimoja vilishuka viwili. Raba zilinata kwenye mti, mguu ukataka kuteleza, kiatu kikakataa, na goti ndilo lililoumia. Soksi peke yake ziliteleza vizuri, tena kwa ulaini wa kupendeza, hadi kidole kilipojigonga kati ya vibao na Honorata akazivua mwenyewe. Vile vya soli nene alivyovitaka nesi vilimkinga kabisa. Vilimkinga na msumari, vikamkinga na mti, vikamkinga na wimbo.

"Ni kama kumpapasa mtu uso ukiwa na mkono wenye bandeji," Telesphory alisema. Akavivua, akaviweka kando. "Basi, Mama Esther. Miguu imefanya kazi yake. Mikono itanitosha."

Alisema bila hasira. Honorata angependa kuwe na hasira. Ilikuwa sauti ya mtu anayetua mzigo katikati ya njia, mbali na kwake, na kusema kwamba hapa pia ni pazuri.

Jumapili ile, kanisani, kinanda kilipigwa kwa mikono tu. Watu waliimba. Hakuna aliyegeuka. Lakini Honorata, kwenye benchi la akina mama, alihisi chini ya wimbo hakuna kitu, kama kukanyaga ngazi ambayo haipo.

Jumatatu alikwenda mnadani kwenye mitumba. Hakutafuta kwa macho. Alichukua kiatu, akakikunja, akakirudisha. Alichukua kingine, akaingiza mkono ndani hadi kwenye vidole, akafumba macho, akapitisha soli juu ya ukingo wa meza ya muuzaji. Ukingo ukipotea, alikirudisha. Muuzaji, kijana aliyeitwa Bariki, alimtazama akifanya hivyo kwa viatu arobaini.

"Mama, unanunua kiatu au unakinyoa?"

"Natafuta kinachosikia," Honorata alisema, na Bariki akaacha utani, akamsaidia kukunja.

Alikipata chini kabisa ya lundo, na pacha wake amefungwa naye kwa kamba. Cheusi. Cha kamba hadi juu, kisigino kifupi cha upana wa vidole viwili, kimebana kiunoni, na chini yake soli ya ngozi nyembamba, laini kama sikio la mbuzi. Aliupitisha mkono wake juu ya ukingo wa meza, na ukingo ukaja. Ukaja na ufa wa ubao. Kikaja na kichwa cha msumari. Vyote vilipita kwenye ngozi ile, vikamfikia.

Kilikuwa kiatu cha mwanamke.

Fundi Hatungimana anashonea viatu Rusimbi, chini ya turubai. Alivuka mpaka kutoka Burundi akiwa mgongoni mwa mama yake, na Kiswahili chake bado kinatembea na Kirundi bega kwa bega. Alikipokea kiatu, akakinusa, akakikunja.

"Amahoro, mama. Hiki kilikuwa cha kuchezea dansi."

"Nataka kivaliwe na mume wangu."

Fundi hakucheka. "Anakwenda wapi nacho?"

Honorata akamweleza: kisukari, ganzi, vibao, nesi anataka soli nene, kinanda kinataka soli nyembamba. Hatungimana alisikiliza hadi mwisho, kisha akafunga boksi lake la gundi. "Twende nikaione hiyo safari yake."

Alikuja Bangwe, akamsalimia Telesphory, akapiga magoti mbele ya benchi. Aliupitisha mkono juu ya vibao vyote thelathini, toka mwanzo hadi mwisho, kama mtu anayempapasa ng'ombe kabla ya kumnunua.

"Nesi anaogopa barabara," alisema. "Barabarani kuna misumari, kuna chupa, kuna miiba. Yuko sahihi. Lakini kiatu hiki barabara yake ndiyo hii, imeishia hapa. Hii tunaweza kuisafisha yote. Tukiisafisha barabara, soli inaweza kuwa nyembamba."

Honorata alimwangalia mtu huyu aliyepiga magoti sebuleni kwake, akahisi kichwa chake kinafunguka kama dirisha.

Wakasafisha barabara. Siku tatu. Walizamisha kila skrubu, wakaziba tundu, wakapiga msasa kila ubao, pande zote, kingo zote. Hatungimana alifungua kiatu upande wa mbele, akakipanua vidole vipate kupumua, akang'oa mshono wa ndani, akatandika ngozi mpya isiyo na kikunjo hata kimoja. Honorata alishona soksi za pamba na kuziacha mishono nje, ndani kuwe tambarare kabisa. Kisha akafanya ambalo hakumwambia mtu: alivaa kiatu mwenyewe, akaketi kwenye cherehani yake, akakanyaga pedeli. Ile sehemu iliyolika katikati, aliyoifahamu kama anavyofahamu meno yake, ilipanda moja kwa moja hadi moyoni.

Telesphory alivitazama vimewekwa mbele yake, kisigino kwa kisigino.

"Vya kike hivi."

"Vya kike."

"Mama Esther, mimi mzee mzima."

"Nani atakuona humu ndani? Mimi tu. Na mimi nimekuona umevaa khanga yangu siku paa lilipovuja."

Alijaribu kukaza uso. Uso ukakataa. Alicheka hadi akashika ukuta, na huku anacheka akanyoosha mguu, na Honorata akamvalisha soksi, akamfunga kamba, akaingiza kidole nyuma ya kisigino kupima nafasi. Kiatu kilikaa.

Lakini kukaa si kupiga. Telesphory alifumba macho, akateremsha miguu, na miguu ikapotea. Ngozi ilileta habari hadi mlangoni, na ndani hakukuwa na mtu wa kuipokea. Alikosa kibao, akagonga viwili, akasimama, akaanza upya. Siku ya kwanza. Siku ya pili. Siku ya tatu jasho lilimtoka shingoni, na Honorata, akiwa amempa mgongo, mkono kwenye gurudumu la cherehani, akasema bila kufikiri:

"Hapana. Hapo mguu wa kushoto husubiri kwanza."

Vibao vikanyamaza. "Umesemaje?"

"Unagonga mara tatu ukishuka. Halafu unanyamaza, kiasi cha mtu kumeza mate. Halafu wa kushoto mara moja, wa kulia mara mbili haraka. Leo hukunyamaza."

"Nani amekufundisha?"

Honorata aligeuka. Alichukua mkasi wake, akaushika kichwa chini, akagonga kwa kishikio juu ya meza ya cherehani. To, to, to. Kimya. To. To-to. Akaendelea. Hakujua jina la wimbo ule, hakujua noti, hajawahi kusoma ukurasa mmoja wa vitabu vya mumewe. Lakini mkasi ulikwenda wenyewe, mstari wa kwanza, mstari wa pili, pale miguu inapokimbizana, pale inapopishana, pale mmoja unapongoja mwenzake. Wimbo mzima ulikuwa humo. Ulikuwa umeingia kwa mgongo, asubuhi baada ya asubuhi, ukashonwa ndani ya mashati ya watu, na haukupotea hata mshono mmoja.

Telesphory alimsikiliza hadi mwisho. Midomo yake ilikuwa wazi kidogo.

"Nyingine unazo?" aliuliza, taratibu, kama mtu anayeuliza ndani ya nyumba yenye mtoto aliyelala.

"Ninazo."

Kuanzia asubuhi ile hawakukaa migongo ikielekeana. Honorata aliburuta stuli karibu na vibao. Mume alifumba macho. Mke akatazama na kusikiliza. Alisema "umepita", alisema "rudi kidogo", alisema "hapo, hapohapo". Na ilipoitwa namna hiyo, miguu ikaanza kurudi, si kwa ngozi, bali kwa goti, kwa nyonga, kwa uzito wa paja, kwa njia nyingine ndefu ya kuzunguka ambayo hakuna aliyejua kuwa ipo. Nje ziwa lilikuwa likipokea mwanga. Ndani watu wawili wazima walikuwa wakijifunza kutembea.

Baada ya wiki mbili walirudi zahanati, viatu ndani ya mfuko wa kitambaa. Nesi Winfrida alivigeuza, akaminya soli kwa kidole.

"Sijaipenda soli hii, mama."

"Haijagusa udongo. Wala haitagusa. Ni ya vibao tu."

Winfrida alichukua tochi. Akakagua kila unyayo, kila kidole, katikati ya vidole, pembeni mwa kisigino. Alichukua muda. Honorata alihesabu pumzi zake.

"Hakuna wekundu," nesi alisema mwishowe, na akakagua tena kwa kutoamini. "Nusu saa kwa siku. Kisha avue, umkague. Ukiona wekundu hata wa punje ya mtama, unanipigia simu."

Jumamosi hiyo alasiri, kanisa likiwa tupu, Honorata alipanda ngazi za roshani kwa mara ya kwanza maishani. Sikuzote alikisikia kinanda kutoka chini, mgongoni, kama kila mtu. Sasa aliyaona mabomba. Mengine membamba kama kalamu. Mengine mapana kama mapipa, yamepanda hadi gizani kwenye mbao za paa. Akasogea hadi ukutani, asiguse kitu.

Telesphory alibadili viatu hapo juu, akakunja suruali kidogo ili kamba zionekane vizuri, wala hakujificha. Aliketi. Akateremsha mguu wa kushoto.

Ile "to" haikuwa "to".

Ilikuwa kitu kisicho na mwanzo. Ilitoka sakafuni, ikapita nyayo za Honorata, ikapanda mifupa ya miguu yake, ikakaa kifuani na kusukuma pumzi yake pembeni kwa adabu, ili ipate nafasi. Vioo vya madirisha vilitetemeka. Vumbi la miaka liliachia boriti na kushuka, taratibu, ndani ya mwanga. Kisha ya pili. Kisha ya tatu. Kisha kimya kile, kile cha kumeza mate, na Honorata akajua kwamba hakikuwa kimya hata siku moja. Kilikuwa ni kanisa zima likirudisha jibu. Aliushika ukuta. Kila siku, kwa miaka thelathini na mmoja, jambo hili lilikuwa likifanyika sebuleni kwake, kubwa namna hii, na yeye alikuwa akiomba tu lisigonge sana kwa kuwa kuna mteja.

Alilia bila sauti, wala hakujifuta.

Wimbo wa mwisho ulipokwisha, mumewe alikaa akipumua. "Nyayo hazijasikia kitu," alisema. "Lakini wimbo umenifikia gotini, Mama Esther. Unapanda na mfupa." Akatikisa kichwa, kama aliyeambiwa habari ya mtu mwingine.

Kengele aliyoitegesha kwenye simu ililia. Nusu saa. Honorata alipiga magoti, akamfungua kamba, akamvua kiatu, akamvua soksi, akawasha tochi. Unyayo wa kwanza. Unyayo wa pili. Akatazama vizuri, mara mbili, kama alivyoagizwa.

"Safi," alisema.

Alimvalisha vile vya soli nene vya kurudia nyumbani. Telesphory hakuinuka. Alijisogeza hadi mwisho wa benchi, akaacha nafasi.

"Dakika zangu zimeisha," alisema. "Zako bado."

"Mimi sijui kitu."

"Kibao cha mwisho kabisa, kushoto. Bomba lake ndilo refu kuliko yote."

Honorata alivua kandambili zake. Aliketi, akaning'iniza mguu, mguu wa fundi cherehani, mpana, wenye ufa kisiginoni, unaohisi kila kitu. Mti ulikuwa baridi. Aliuacha mguu ulale juu yake kidogo, wazoeane.

Kisha akakanyaga, na kanisa lote likasimama ndani ya sauti, na hakuuondoa mguu.